Jinsi ya kubadilisha themu ya REAPER mpaka ikubali: mwongozo kamili hatua kwa hatua

REAPER ni programu ya kurekodi na kuhariri sauti kwenye kompyuta, na themu ndo inayobadilisha mwonekano wake, yaani rangi na vitufe. Swali linarudi kila mara na ni lilelile: "Nimedaunlodi themu, nimeiweka, lakini REAPER iko vilevile." Nimeshakaa na watu wengi kwenye hili na karibu wote wanakwama sehemu tatu: wamefungua zipu ambayo haikutakiwa kufunguliwa, wameweka faili kwenye folda isiyo yake, au themu imeingia vizuri kabisa ila maandishi yametoka madogo kama sisimizi mtu akadhani imeharibika.

Shida kubwa ni kwamba watu wanaichukulia themu kama programu ya kuinstoli. Sio programu. Ni faili tu, linakaa kwenye folda moja, na REAPER yenyewe inakuonyesha hiyo folda iko wapi, hakuna haja ya kubahatisha. Ukilishika hilo moja mengine yote ni mepesi.

Majina ya menyu nitayaandika kama yalivyo kwenye skrini ili uyaone haraka. Nimefuata REAPER toleo la 7, ila kwa la 6 karibu kila kitu ni kilekile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Namba ya toleo lako. Nenda Help kisha About REAPER, iangalie na uikumbuke. Themu iliyotengenezwa kwa toleo la zamani mara nyingi itafunguka kwenye jipya, lakini vitufe vilivyoongezwa baadaye havina picha ndani ya themu hiyo, kwahiyo vinatokea na sura ya kawaida ya REAPER katikati ya themu yako na unapata mchanganyiko usiopendeza.

Faili la themu lenyewe. Sehemu inayojulikana zaidi ni Stash, stash.reaper.fm, ambako watumiaji wenyewe wanapandisha themu zao. Kabla ya kudaunlodi soma maelezo ya mtengenezaji mpaka mwisho, maana baadhi ya themu zinahitaji fonti fulani iwepo kwenye kompyuta na nyingine zinakuja na skripti zake, na hayo hutayajua kwa kuangalia picha tu.

Ekstenshani za mafaili zionekane. Kwenye Windows fungua File Explorer, ingia View, washa File name extensions. Kwenye Mac ni mipangilio ya Finder, sehemu ya Advanced, Show all filename extensions. Usiruke hili hata kama unaona ni dogo, nusu ya matatizo ya hatua ya pili yanatokana na mtu kutoona jina kamili la faili.

Projekti ya majaribio. Tengeneza yenye traki (mistari ya sauti) tano sita hivi, mbili zina rangi, moja ina sauti iliyorekodiwa, moja iko tayari kurekodi, moja umeizima. Themu inaweza kupendeza sana ikiwa tupu afu ukafungua kazi halisi usione chochote, kwahiyo usijaribu themu kwenye skrini isiyo na kitu.

Na jambo moja la kukutoa wasiwasi: themu haigusi sauti hata kidogo, wala haibadilishi sura za plagini zako, zile programu ndogo za kuchakata sauti ndani ya REAPER. Kompresa na ikwalaiza za makampuni mengine zitabaki na mwonekano wake uleule. Kile kichwa cha dirisha kule juu kabisa nacho ni mali ya mfumo wa kompyuta, kikibaki cheupe wakati kila kitu ni cheusi sio kosa la themu.

## Hatua ya 1: Weka bekapu

Fungua Options kisha Preferences (Ctrl+P kwenye Windows), bonyeza General, tafuta kitufe cha Export configuration. Utapewa orodha ya vitu vya kuhifadhi, weka tiki kwenye vyote unavyovijali, halafu sevu faili mahali nje ya folda za REAPER. Desktop panafaa, flashi ndo bora zaidi.

Kwanini ujisumbue kwa kitu ambacho ni rangi tu? Kwasababu ukianza kuchezea themu utajikuta unagusa na mipangilio mingine, ukubwa wa vitufe, rangi za traki, mpangilio wa miksa, na baada ya saa moja hukumbuki tena ulibadilisha nini. Nimeona mtu anapoteza shotikati zake zote za kibodi alizozipanga kwa miaka kwasababu alipokwama aliamua kufuta kila kitu aanze upya. Bekapu ingemwokoa kwa dakika moja.

Imefanikiwa kama: unaona faili linaloishia na .ReaperConfigZip mahali ulipolisevu.

## Hatua ya 2: Lijue faili ulilodaunlodi

Hapa ndo kwenye kaburi la wengi, kwahiyo twende taratibu.

Themu za REAPER zinakuja kwa sura mbili. Ya kwanza inaishia na .ReaperThemeZip. Hii ni themu nzima, rangi na picha za vitufe, vyote vimefungwa ndani ya faili moja. Faili hili halifunguliwi. Najua jina lina neno Zip na mkono unawasha, na kuna programu za kufungua zipu zitakazojitolea kukufungulia, zikatalie. REAPER inalisoma likiwa limefungwa hivyohivyo.

Sura ya pili inaishia na .ReaperTheme peke yake. Hili ni faili la maandishi, lina namba za rangi na mipangilio, na picha ziko kwenye folda ya pembeni. Ukilifungua kwa Notepad utakuta mstari unaoanza na ui_img= na mbele yake jina la folda ya picha. Kwahiyo ukiwa na themu ya aina hii lazima uhamishe vitu viwili, faili na folda yake, na jina la folda libaki kama lilivyoandikwa kwenye huo mstari herufi kwa herufi. Ukihamisha faili peke yake utapata rangi mpya lakini vitufe vya zamani, na ndo pale mtu anasema "themu imeingia nusu". Haijaingia nusu, picha zake umeziacha kwenye Downloads.

Sasa je kama faili lako linaishia na .zip ya kawaida? Hapo kuna mambo mawili yanayowezekana na yanatofautiana kabisa. Chungulia ndani bila kulifungua lote:

- Ukikuta ndani kuna faili la .ReaperThemeZip, pengine na karatasi ya maelekezo au fonti, basi hiyo zip ni bahasha tu. Toa vilivyomo, chukua hilo .ReaperThemeZip, na usilifungue tena.
- Ukikuta moja kwa moja faili la .ReaperTheme na folda iliyojaa picha za png, hiyo inawezekana ilikuwa .ReaperThemeZip na brauza ikaibadilisha jina wakati wa kudaunlodi. Badilisha mwisho wa jina kutoka .zip uwe .ReaperThemeZip. Windows itakuuliza kama una uhakika, kubali.

Angalizo: kama ekstenshani zimefichwa, ukibadilisha jina utaishia kupata faili linaloitwa kitu.ReaperThemeZip.zip bila wewe kujua, na REAPER haitaliona kabisa. Ndo maana nimesema uziwashe mapema.

Imefanikiwa kama: una faili moja linaloishia .ReaperThemeZip, au una faili la .ReaperTheme pamoja na folda yake ya picha. Kama huna kimojawapo usiendelee, rudi ulikodaunlodi.

## Hatua ya 3: Peleka faili kwenye folda sahihi

Ndani ya REAPER fungua Options, shuka mpaka kwenye chaguo linaloanza na Show REAPER resource path, libonyeze. Folda itafunguka yenyewe. Ndani yake kuna folda inaitwa ColorThemes, ingia humo, weka themu yako.

Basi, hiyo ndo hatua yote.

Lakini mbona watu wanakosea? Wanakosea kwasababu wanaitafuta folda kwa mkono. Mtu anaingia Program Files, anakuta folda ya REAPER, anatupia themu humo, anarudi kwenye programu, hakuna kitu. Ile ya Program Files ni ya programu yenyewe, vitu vyako binafsi vinakaa kwingine: kwenye Windows ni %APPDATA%\REAPER, kwenye Mac ni ~/Library/Application Support/REAPER, kwenye Linux ni ~/.config/REAPER. Na ukiwa umeinstoli REAPER kwa mtindo wa kubebeka, ile unayoweza kutembea nayo kwenye flashi, basi kila kitu kiko ndani ya folda hiyohiyo ya programu. Kuna watu wana REAPER mbili kwenye kompyuta moja, ya kawaida na ya kubebeka, wanaweka themu kwenye moja wanafungua nyingine. Ukipitia menyu huwezi kupotea kwasababu REAPER uliyoifungua ndo inayokuonyesha folda yake.

Ipo pia njia ya mkato: shika faili la .ReaperThemeZip kwa mausi, livute uliachie juu ya dirisha la REAPER pale kwenye traki. Inafanya kazi na ni nzuri. Mimi bado napendelea njia ya folda, maana ukishajua themu zinakaa wapi ndo utajua na jinsi ya kuzitoa siku moja ikileta shida.

Imefanikiwa kama: ukifungua Options kisha Themes unaona jina la themu yako kwenye orodha, pamoja na zile za kawaida za REAPER.

Hulioni? Rudi hatua ya 2, jina la faili lina kasoro.

## Hatua ya 4: Iwashe

Options, Themes, bonyeza jina. Skrini inabadilika papo hapo, huhitaji kufunga na kufungua REAPER.

Ukiipenda usiifurahie bado. Fungua ile projekti ya majaribio uiangalie vizuri, na hapa nakuomba usiwe na haraka, kwasababu themu utaitazama masaa na masaa. Angalia traki iliyo tayari kurekodi inajitofautisha kwa mbali au mpaka usogeze macho? Kitufe cha mute, kile cha kuzima sauti ya traki, kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa vinatofautiana kweli? Ukichagua kipande cha sauti unaona kuwa kimechaguliwa? Mistari ya gridi inaonekana bila kufunika mawimbi ya sauti? Ukichagua eneo la muda kwa kuvuta mausi, eneo hilo linaonekana?

Themu nyingi nyeusi zinazopendeza kwenye picha zinafeli hapo kwenye mute. Mtu anakuja kugundua amefanya miksi nzima huku traki ya besi imezimwa, kwasababu kitufe kilikuwa kijivu juu ya kijivu. Themu ikifeli maswali mawili kati ya hayo mimi naitoa hata kama ni nzuri kiasi gani.

## Hatua ya 5: Rekebisha ukubwa

Hii ni kwa wale wenye skrini zenye pikseli nyingi. Themu zinazotengenezwa vizuri zinakuja na picha za saizi tatu ndani yake, asilimia 100, 150 na 200, na REAPER inachagua yenyewe kulingana na skrini. Themu za zamani zina saizi moja tu, kwahiyo kwenye skrini ya 4K vitufe vinatoka vidogo sana, au vinavutwa vikawa na ukungu.

Nenda Preferences, General, bonyeza kitufe cha Advanced UI/system tweaks. Kuna sehemu ya kuweka namba ya kukuza vitu vya traki, miksa na sehemu ya kuplei, kwa kawaida imeandikwa 1.0. Jaribu 1.25 au 1.5 uone. Panda kidogokidogo, ukiruka moja kwa moja mpaka 2.0 kwenye skrini ndogo traki tatu tu ndo zitaenea.

Kwenye Windows dirisha hilohilo lina mpangilio wa HiDPI, yaani wa skrini zenye pikseli nyingi, na huo ukiubadilisha lazima ufunge REAPER uifungue tena ndo uone matokeo.

Kuna na kitu kinaitwa layout, yaani mpangilio wa vitufe ndani ya traki. Kila themu ina zake, moja inaweza kuwa nyembamba, nyingine pana, nyingine yenye mita kubwa. Zinapatikana View, Screensets/Layouts. Sasa sikiliza: traki ambayo uliichagulia layout kwa jina inalibeba hilo jina ndani ya projekti, kwahiyo ukifungua kazi ya zamani kwa themu mpya ambayo haina layout ya jina hilo, traki itarudi kwenye mpangilio wa kawaida wa themu. Ukiona kazi ya mwaka jana imebadilika sura usiogope, sauti na mipangilio ya miksi iko palepale.

Imefanikiwa kama: unasoma majina ya traki ukiwa umeegemea kiti, bila kuinama.

## Hatua ya 6: Mbona rangi za mawimbi hazijabadilika?

Umebadilisha themu, kila kitu ni kipya, lakini vipande vya sauti bado ni vya kijani kama zamani. Hii inatokea kwasababu rangi ulizoziweka mwenyewe kwenye traki zinashinda rangi za themu. Zinahifadhiwa ndani ya projekti, themu haina mamlaka nazo.

Una njia mbili. Kama hutaki tena rangi zako, chagua traki zote, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, tafuta menyu ya rangi za traki, rudisha rangi ya kawaida. Kama unazitaka ila zisifunike kila kitu, nenda Preferences, Appearance, ukurasa wa Peaks/Waveforms, kuna tiki za kuamua kama rangi ya traki iingie kwenye mawimbi au kwenye mandharinyuma ya kipande. Na kwenye ukurasa wa Track Control Panels kuna za kuamua kama rangi ipake jina tu au paneli nzima ya traki.

Mimi naacha mandharinyuma yachukue rangi ya traki, mawimbi nayaacha yawe ya themu, maana hapo mawimbi yanasomeka vizuri zaidi wakati wa kukata.

## Hatua ya 7: Irekebishe iwe yako

Mara nyingi themu inakuwa karibu kabisa na unachotaka, ila inang'aa sana au ni nyeusi mno. Usitafute nyingine, irekebishe hiyohiyo.

Anza na kirahisi: Options, Themes, Theme color controls. Utapata vitelezi vya mwangaza, vivuli, rangi za katikati, sehemu zinazong'aa, ukali wa rangi na mwelekeo wa rangi. Sogeza kidogo tu. Kwa kazi ya usiku kushusha ukali wa rangi kunapumzisha macho kuliko kushusha mwangaza. Kuna na tiki ya kuamua kama vitelezi viguse rangi zako za projekti, mimi huwa naiacha wazi.

Ukitumia themu ya kawaida ya REAPER kuna pia Theme adjuster, humo unaweza kuficha vitufe usivyovitumia na kupanua majina ya traki. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya themu za kawaida, usishangae ikigoma kwenye themu uliyodaunlodi.

Ukitaka kubadilisha rangi mojamoja, bonyeza alama ya kuuliza kwenye kibodi, orodha ya Actions itafunguka, andika theme kwenye sehemu ya kutafuta, chagua ile inayosema Theme development: Show theme tweak/configuration window. Dirisha lina orodha ndefu ya rangi na mwanzoni inatisha. Usijaribu kuzijua zote. Anza na mistari ya gridi, ambayo imegawanywa mitatu: mwanzo wa kipimo, mwanzo wa pigo, na katikati ya mapigo. Fanya ya kwanza ionekane, ya pili ififie, ya tatu ionekane kwa shida, na hapohapo utaona kazi ya kukata sauti imekuwa nyepesi.

Onyo kubwa: sevu kwa jina jipya kabisa, kwa kitufe cha kusevu kilichopo kwenye dirisha hilohilo. Ukisevu juu ya ile ya mwanzo umeipoteza, na usiposevu kabisa, ukibadilisha themu tu mabadiliko yote yamekwenda. Baada ya kusevu washa themu nyingine yoyote, kisha rudi kwenye yako. Ikirudi na rangi zako pamoja na vitufe vyake, ndo imekaa.

## Ikiharibika kiasi kwamba huoni hata menyu

Inatokea, hasa na themu ambazo hazijakamilika, maandishi meusi juu ya meusi. Usiinstoli REAPER upya, haitasaidia, kwasababu kwa kawaida themu na mipangilio haviko kwenye folda ya programu.

Funga REAPER. Nenda kwenye folda ya ColorThemes kwa njia zile nilizoandika hatua ya 3, chukua themu yenye shida uitoe humo, iweke Desktop. Ukifungua REAPER itakosa themu hiyo na itatumia ya kawaida.

Ikigoma bado, kwenye folda inayobeba ColorThemes kuna faili la reaper.ini. Linakili kwanza pembeni. Hakikisha REAPER imefungwa kweli, maana inaandika kwenye faili hili wakati inajifunga na ukibadilisha ikiwa wazi itafuta kazi yako. Fungua kwa Notepad, tafuta mstari unaoanza na lastthemefn5=, ufute huo mstari peke yake, sevu, fungua REAPER.

Na kama umefikia hapo bado inakusumbua, kwenye lile dirisha la Preferences, General, palepale ulipotengenezea bekapu kuna kitufe cha Import configuration. Chagua faili lako la .ReaperConfigZip, REAPER itajifunga na kufunguka ikiwa na mipangilio uliyoihifadhi hatua ya kwanza.